Haki ya Mkulima Katika Sufuria Zetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na swahaba zake wote. Ama baad.



Juma hili ninapenda tuzungumze juu ya jambo linaloanzia jikoni na kuishia shambani, nalo ni kupika kwa kufuata msimu na kununua mazao ya wakulima wa pwani yetu. Kaskazi imeshaingia. Ukifika soko la Kongowea alfajiri utakuta malori yakishusha embe: ngowe, boribo, dodo na nyinginezo, na kila siku zikipita fungu huzidi kuwa rahisi. Huko mashambani, embe ambazo hazikupata mnunuzi huanguka na kuoza chini ya miti. Na mezani petu, katika nyumba zisizo chache, mgeni hukaribishwa kwa sharubati ya unga wa pakiti. Mkulima aliye mwendo wa saa moja au mbili kutoka mlangoni petu anatupa riziki yake, nasi tunanunua rangi na sukari. Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa jicho la dini kabla ya jicho la mfuko.

Katika Surat Al-An'am, aya ya 141, Mwenyezi Mungu ametutajia mabustani, mitende, mimea yenye vyakula vya namna mbalimbali, mizaituni na mikomamanga. Baada ya kuvitaja ameamrisha mambo matatu: kwamba tule matunda yanapozaa, kwamba tutoe haki yake siku ya kuvunwa, na kwamba tusifanye israfu. Nitayafuata mambo hayo matatu kwa utaratibu wake.

Kula yanapozaa

Wazee wetu waliuhesabu mwaka kwa pepo na mvua. Masika huanza mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili na hukolea mwezi wa Mei, na kusi huvuma mpaka karibu na Septemba. Vuli hunyesha baina ya Oktoba na Desemba, kisha huja kaskazi na joto lake mpaka Machi.

Ukiutazama mpango huu kwa makini utaona hekima ya Mola. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa pwani siku nyingi, na samaki hupanda bei. Lakini ni wakati huo huo ambapo masika yameotesha mchicha, mnavu, majani ya kunde, majani ya maboga na bamia. Ikifika Julai kuna mahindi mabichi na kunde mbichi. Kaskazi ikiingia, mboga za majani hupungua kwa ukali wa jua, lakini bahari hutulia, samaki huwa wengi, na embe huiva. Muhogo nao hukaa ardhini ukingoja kuchimbuliwa, na nazi haina msimu. Mama anayeupangia mwezi wake chakula kwa kuufuata mpango huu hupata vitu vikiwa vibichi na vikiwa rahisi. Anayetaka samaki wa bei katikati ya kusi na mchicha katikati ya Februari hulipa sana, na aghalabu hupata kilicholala.

Mtume wetu (S.A.W.) alikula kilichokuwapo katika mji wake kwa wakati wake. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba hakupata kukitia ila chakula. Akikitamani alikila, na asipokitamani alikiacha. Imepokewa kwamba alikula matango kwa tende mbivu. Na Anas bin Malik (R.A.) ameeleza jinsi alivyofuatana naye kwenye karamu ya fundi cherehani mmoja, akamwona Mtume akiyatafuta mamumunye pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo Anas akawa mpenzi wa mamumunye. Mboga hii wengi wetu leo tunaiona ni chakula cha shida, ilhali mbora wa viumbe aliifurahia.

Hebu tuingie jikoni. Majani ya kunde ya masika yachumwe yakiwa machanga, yaoshwe kabla ya kukatwa, kisha yachemshwe kwa maji machache na chumvi. Yakilainika, tia kitunguu na nyanya, halafu tui jepesi. Yakishaiva, tia kasimile na uendelee kukoroga pole pole kwa moto mdogo, kwani ukiliacha tui lichemke kwa nguvu litakatika. Kisamvu ni vivyo hivyo, ila yeye hutwangwa kwanza kwenye kinu na huchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, kwa kuwa majani ya muhogo mabichi yana sumu ambayo haiondoki kwa moto wa haraka haraka. Tui hutiwa baadaye.

Mahindi mabichi ya Julai yakatwe vipande pamoja na magunzi yake, yachemshwe yaive, kisha yamalizikie katika tui lenye kitunguu, bizari na pilipili mbichi. Sufuria moja ya mahindi ya nazi hulisha watoto wengi bila ya kipande cha nyama. Boga nalo lichemshwe kwa maji kidogo, litiwe tui, iliki na sukari ya kuonja tu, kwani boga lililokomaa lina utamu wake.

Na sasa hivi, katika kaskazi hii, samaki na embe mbichi zimekutana sokoni. Mchuzi wa samaki ukitiwa vipande vya embe mbichi hauhitaji ndimu wala ukwaju. Vitie vipande hivyo kabla ya samaki ili viive, kisha samaki, na tui zito mwisho. Embe mbivu zisizopendeza kwa sura zimenywe, zisagwe kwa maji baridi na kipande cha tangawizi, na sharubati hiyo haitaki sukari. Mgeni akinywa hatauliza habari ya pakiti.

Tusiwasahau watoto katika jambo hili. Muslim amepokea kwamba watu wa Madina walipoyaona matunda ya kwanza ya msimu walimletea Mtume (S.A.W.), naye akayaombea baraka matunda yao, mji wao na vipimo vyao, kisha akamwita mtoto mdogo kabisa aliyekuwapo akampa tunda lile. Lau kila nyumba ingehuisha sunna hii ya malimbuko! Embe ya kwanza ya mwaka iombewe dua na apewe mdogo wa nyumba mbele ya wakubwa. Mtoto aliyelelewa hivyo atajua kwamba embe hutoka mtini kwa wakati wake na kwa idhini ya Mola wake, wala haitoki dukani.

Kutoa haki siku ya mavuno

Wafasiri wa Qur'ani wameifahamu haki inayotajwa katika aya hii kuwa ni zaka, na wengine wakasema ni sadaka ya siku ya mavuno. Kwa familia zenye mashamba, ni vyema kukumbusha kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wa watu wa pwani, zaka ya mazao huwajibika katika chakula cha kutegemewa kinachowekwa akiba, kama mahindi, mpunga, mtama na kunde. Kiwango chake ni wasaki tano, nazo kwa makadirio ya wanazuoni wa zama hizi ni zaidi ya kilo 600. Shamba lililonyeshewa na mvua hutolewa fungu moja katika kumi, na lililomwagiliwa kwa gharama hutolewa fungu moja katika ishirini. Embe, mboga na machungwa hayana zaka kwa madhehebu yetu, lakini mlango wa sadaka uko wazi.

Haki hiyo ni juu ya mkulima. Je, sisi tunaonunua hatuna haki juu yetu? Tunayo, na hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu ya leo.

Iko ada iliyoenea katika mashamba ya pwani. Miembe ikianza kutoa maua, dalali humfikia mwenye shamba. Aghalabu huyo mwenye shamba ana haja: karo ya mtoto, mgonjwa ndani ya nyumba, au deni la dukani. Basi humuuzia dalali embe za mti mzima, au za shamba zima, zikiwa bado ni maua. Miezi michache baadaye mti umezaa sana, na mwenye mti anatazama malori yakibeba mali kwa fedha alizokwisha kuzila zamani. Au upepo na ukungu umeyaangusha maua, na dalali anarudi akidai fedha zake. Pande zote mbili zimeingia katika jambo lisilojulikana mwisho wake.

Biashara hii imekatazwa waziwazi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar na Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kuiva kwake, na akauliza ni kwa haki gani mtu atachukua mali ya nduguye ikiwa Mwenyezi Mungu ameyazuia matunda yale. Mafakihi wetu wameruhusu kuuza tunda lisiloiva kwa sharti kwamba lichumwe papo hapo na liwe lina manufaa, kama vile embe mbichi za achari. Maua hayana manufaa hayo.

Vilevile Mtume (S.A.W.) alikataza kuwapokea njiani wafanyabiashara waletao bidhaa, kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Na Surat Al-Mutaffifin imewaonya wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wakulima wetu wanajua habari ya gunia linaloshonewa nyongeza juu, nalo likahesabiwa ni gunia moja.

Huenda dada yangu akasema, "Sheikh, mimi si dalali. Mimi nina kikapu changu tu." Ni kweli, lakini kikapu chako ndicho mwisho wa safari yote hiyo. Mama aliyetoka Kaloleni au Msambweni na beseni lake la mchicha amelipa nauli, amekaa juani tangu asubuhi, na mchicha wake hautafika kesho. Unapomshika bei mpaka akauza kwa hasara kwa kuwa jua linazama, kisha ukaingia dukani ukalipa bei iliyoandikwa bila ya neno, jiulize ni nani kati ya hao wawili aliyestahiki upole wako. Mtume (S.A.W.) amemwombea rehma mtu mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai. Kupatana bei ni halali, lakini kuitumia dhiki ya mwenzako si katika wepesi huo.

Chama kinaweza kuondoa dhiki hii

Dini yetu ilipofunga mlango wa kuuza maua ilifungua mlango mwingine, nao unaitwa bei salam. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa mapema kwa matunda ya mwaka mmoja au miwili ijayo, akawaelekeza kwamba alipaye mapema alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana.

Karibu kila mtaa wa pwani una chama cha akina mama. Wakutanapo hutoa fedha na kupeana zamu, na fedha hizo nyingi huishia katika vyombo na mapazia. Nawaomba wafikirie jambo hili. Tuseme akina mama 10 wametoa shilingi 1,000 kila mmoja, zikawa 10,000. Wanakwenda kwa mkulima mwezi wa Septemba, wakati anapohitaji fedha, na wanakubaliana naye kilo moja kwa shilingi 40. Atawaletea kilo 250 za embe aina ya ngowe, zilizokomaa na zisizo na funza, mwezi wa Januari, tarehe fulani, mahali fulani. Kila mama atapata kilo 25 kwa ajili ya nyumba yake, achari yake na jirani yake. Bei na viwango hivi ni mfano tu. Wenyewe watakubaliana kwa haki.

Masharti yake yafahamike. Fedha zote zilipwe katika kikao cha makubaliano, zisilipwe nusu nusu. Aina, sifa, uzani, tarehe na mahali pa kupokea vitajwe wazi. Mazao yasifungwe na mti maalumu wala shamba maalumu, na tarehe iwe ya wakati ambao kwa kawaida mazao hayo hupatikana. Mti wa mkulima ukikosa kuzaa, anaweza kuwaletea embe kama hizo kutoka penginepo. Zikikosekana kabisa, akina mama watangoja au watarudishiwa fedha zao bila ya nyongeza. Wala wasiziuze kabla ya kuzipokea. Na makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi, kwa kufuata aya ya 282 ya Surat Al-Baqara. Namna hii inafaa pia kwa mahindi, kunde, na mpunga wa Mto Tana.

Tofauti yake na kuuza maua ni kubwa. Katika salam mkulima anajua anachodaiwa, na kinachozidi ni chake. Mwaka ukiwa wa neema, neema ni yake na watoto wake.

Kutofanya israfu

Jambo la tatu ni israfu. Vitu vikiwa rahisi, mikono yetu huwa mizito kuvihifadhi. Debe la embe hununuliwa, nusu ikaliwa, nusu ikatupwa jaani. Mama mwenye debe la embe kaskazi hii na azitenge siku ile ile anapozileta. Mbivu ziliwe na zisagwe. Zinazokaribia kuiva zifunikwe gunia mahali pakavu. Mbichi zikatwe, zitiwe chumvi na kuanikwa siku mbili tatu juani, kisha zitengenezwe achari kwa pilipili, siki na bizari, na chupa zake ziwe kavu kabisa. Achari hiyo itasindikiza wali wa kusi, wakati ambao embe zitakuwa adimu.

Na kilichozidi kina wenyewe. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr (R.A.) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji na awaangalie majirani zake. Sahani ya kunde za nazi inayopita juu ya ukuta ni sadaka, na mara nyingi hurudi na kitu ndani yake.

Ninamalizia kwa kutaja Ramadhani. Miezi yetu ya Kiislamu hutangulia mwaka wa jua kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote. Miaka hii inaangukia katika kaskazi, na kwa hesabu za kalenda mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja mwezi wa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Futari ya miaka hii basi ina embe, madafu, muhogo na samaki. Familia iliyozoea futari ya aina moja kila mwaka, iwe kusi au kaskazi, hununua kwa bei ya juu vitu vilivyopitwa na wakati wake. Ipangeni futari yenu kwa kutazama kilichomo mashambani, na chama chenu kikae mapema na mkulima.

Mtume (S.A.W.) ametubashiria kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, akala ndani yake ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Kila tunapokula cha mkulima kwa haki, tunaongeza katika hesabu yake hiyo, nasi tumekula cha halali.

Ewe Mola wetu, tubarikie matunda yetu, tubarikie miji yetu, tubarikie vipimo vyetu, na utuepushe na kula jasho la mja wako kwa dhulma. Amin.